Siku Uliyofundisha Ukiwa Nyuma ya Ubao

Mwanangu Tusekile,

Nakuandikia saa tisa za mchana, mvua inapiga bati, nawe umekwenda kwa shangazi yako kuaga. Afadhali haupo. Ungekuwepo ningesema kwa mdomo, na unanijua: naanza na wewe, namalizia na Serikali. Karatasi angalau hainyanyui sauti. Mama yako amepita, akaniona na kalamu, akauliza, "Leo nani tena anatukanwa?" Nikamjibu, mimi. Akasema, "Basi andika ndefu."

Habari za blanketi, sabuni, na kutoshukashuka ovyo basi likisimama Chimala, sizigusi. Hayo mama yako ameyasema mara tatu, na kesho lori la kahawa litakapokuja kukuchukua kwenda Mbeya atayasema mara ya nne. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni la Siku ya Wazazi.

Ulinishukuru jioni ile kwa kukuandikisha chuo cha ualimu cha Iringa. Ulinipigia magoti ukasema, "Ndaga, Tata." Nami nikaipokea shukrani ile kama mtu aliyepewa kofia ya mwenzake mlangoni, akaivaa, akaenda nayo nyumbani. Miezi miwili nimeivaa. Haikuwa yangu. Siwezi kukuacha upande basi ukiamini uongo juu ya mlango uliofunguliwa, na juu ya mtu aliyeufungua.

Lazima nirudi nyuma kidogo.

Ulikuwa na miaka sita nilipokubali uposwe. Nilikuwa nimetoka vitani Burma, na koti la jeshi mgongoni na kichwa kimejaa. Kule karani mmoja wa kikosi alinifundisha kusoma Kiingereza, nikasoma kila kilichopita mbele yangu, magazeti, vitabu visivyo na majalada, hata karatasi za kufungia sabuni. Niliporudi nilijiona nimekuja na dunia nzima mfukoni. Mzee Mwalusamba peke yake ndiye aliyenichinjia fahali. Tulikula, tukanywa, nikahutubia. Kabla jua halijatua akasema ana mtoto wa kiume wa miaka kumi, nami nikasema nina binti. Basi, ikawa imekwisha. Haikuchukua muda mrefu kuliko kununua kuku. Ng'ombe walipoletwa, mama yako alisimama mlangoni akawatazama wakiingia mmoja mmoja, kisha akaniuliza, "Huko Burma ndiko walikokufundisha hivi?"

Nilimjibu kwa ukali. Ndivyo ninavyojibu ninapokuwa sina jibu.

Kisha nikaanza kuandika magazetini. Unakumbuka jinsi watu walivyokuwa wakija hapa Jumamosi kusomewa. Niliwapiga watawala kwa ajili ya kodi, nikawapiga wamisheni kwa ajili ya viboko, nikawapiga machifu kwa ajili ya usingizi wao. Yote yale nayasimamia mpaka leo, sifuti hata nukta. Lakini ipo barua moja niliyoiandika kwa jina la kujificha, nikajiita Mwenye Macho. Niliwatukana wazee wanaowafunga mabinti kwa kamba ya posa kabla hawajaota meno ya pili. Ilikuwa barua nzuri, mwanangu. Ilikuwa na moto. Niliiandika hapa hapa, kwenye meza hii, na ng'ombe wa posa yako walikuwa wakila nyuma ya dirisha. Nilikuwa nawasikia wakitafuna.

Ilichapwa. Watu waliizungumza mpaka Iringa. Wengine walikuja kunisomea barua yangu mwenyewe, nami nikatikisa kichwa nikasema, "Huyu Mwenye Macho ni mtu wa maana."

Wakati huo wewe ulikuwa unaacha njia. Tangu miaka sita, ukimwona Mzee Mwalusamba kwa mbali, hata awe anakuja na mvua usoni, unaingia migombani mpaka apite, kwa kuwa kwetu binti aliyeposwa haonani uso kwa uso na baba mkwe, wala hasemi naye, wala hakai naye chini ya paa moja. Sisi Wakristo tumelegeza mengi, lakini hili limebaki kama kisiki katikati ya shamba: kila mtu analima akikizunguka. Siku moja nilikuona umechuchumaa kwenye tope na mtungi kichwani, unangoja mzee amalize kuongea na mtu njiani. Uliganda hivyo muda mrefu, na mtungi haukutikisika. Niliingia ndani nikaandika ukurasa mzima juu ya mila zinazowatesa watoto wa kike. Sikuja kukutua mtungi.

Hilo ndilo kosa langu, na nakuambia sura yake ili ulitambue ukikutana nalo mahali pengine: kuna watu wanaokupigania huku wamekupa mgongo. Mimi ni mmoja wao.

Sasa siku yenyewe. Shule yenu iliniudhi tangu asubuhi. Madarasa yote yamefunguliwa, vitambaa vimetandikwa, mikeka imetundikwa, watoto wa Darasa la Tano wanaimba kwamba wanafurahi. Nikajisemea, wasichana arobaini wanamaliza Darasa la Nane hapa, na chuo kimekuja kutafuta wawili! Wawili! Kama mtu anayeingia shamba la kahawa na kijiko. Mama yako alinifinya mkono. "Bado hujaingia hata darasa moja," akasema, "tayari unatoa jasho."

Wageni wa chuo walikuwa wawili, Bibi mmoja Mzungu aliyenyamaza muda wote, na yule mwalimu wa Kihehe mwenye kilemba cha buluu, aliyetusalimu "Kamwene" kisha akacheka mwenyewe kwa kukumbuka kwamba hayuko kwao. Masharti yao mliyajua. Kila msichana anayetaka kuandikishwa afundishe somo moja mbele ya wazazi na wageni, alianze na alimalize. Asiyemaliza haandikwi. Na asiyeandikwa, nani asiyejua kinachomngoja? Wewe ulikuwa unangojwa na harusi baada ya mavuno. Nilikuwa sijamwambia Mzee Mwalusamba kwamba umeomba chuo. Nilikuwa nangoja kwanza ukubaliwe, ndipo nimwambie kwa sauti ya juu.

Ukasimama mbele. Birika lilikuwa likichemka juu ya jiko la mkaa, na pembeni ubao wenye miguu mitatu, juu yake umechora mlima. Ukasema utatuonyesha kwa nini mvua inanyesha kwetu karibu mwaka mzima, na Usangu, ambapo tunapaona kutoka juu ya milima hii, wanakaa na vumbi. Ukashika sahani ya bati iliyolala kwenye maji baridi, ukaiweka mbele ya mvuke. Matone yakaanza kudondoka. "Hili birika ni ziwa Nyasa," ukasema. "Sahani hii ni mlima wetu." Watu wakasogea.

Mwanangu, nimesoma vitabu vingi kuliko mtu yeyote kati ya hapa na Mbeya. Nimeishi chini ya mvua hii miaka arobaini na tano. Sijawahi hata siku moja kujiuliza inatoka wapi. Nilidhani mvua ni mvua. Nilitazama tone likining'inia kwenye ukingo wa sahani ile, nikaona vinyweleo vya mikono yangu vimesimama.

Ndipo Mzee Mwalusamba akaingia.

Alikuwa na lile koti lake kuukuu, na fimbo akaiacha mlangoni. Alikuwa amesikia habari, akaja kuona mwenyewe. Darasa zima lilijua ninyi ni nani kwa nani. Nilisikia mama mmoja nyuma yangu akinong'ona, "Yesu wangu, mkwe!" Nawe, kufumba na kufumbua, hukuwepo. Hukukimbilia dirishani, hukujifunika kanga. Uliingia nyuma ya ubao. Tukabaki tunaona miguu yako tu chini, na birika linachemka peke yake.

Nitakuambia nilichofikiri, maana wewe ulisikia sauti tu. Nilifurahi! Nilisema moyoni, sasa! Sasa dunia nzima ione! Mtoto wangu atatoka hapo, asimame mbele ya mzee huyu, na mila yote ianguke kama chungu kibovu. Nilikuwa tayari natunga sentensi za gazeti. Nikasimama nikapiga kelele, "Tusekile! Toka hapo! Wewe si mtumwa wa mtu!"

Hukutoka. Kisha, mwanangu, ukaendelea. Sauti yako ikatoka nyuma ya ubao, nyembamba lakini imenyooka: "Upepo unaotoka ziwani unabeba maji. Unapofika mlimani, hauna njia ila kupanda." Mkono wako ukachungulia pembeni na chaki, ukachora mshale kwenye ubao bila kuuona. Mshale ulipokwenda kombo, watu hawakucheka.

Mimi nikafanya nilichofanya. Nilikwenda nikashika mguu wa ubao nikavuta. Chaki ikaanguka, nikaona vidole vyako vimeukamata ubao kwa upande wa pili, vimekuwa vyeupe. Tulivutana mbele ya watu, mimi na wewe, baba na mwana. Nilikuwa nakuvuta kwa nguvu zangu zote kwenda kwenye uhuru, na kila mtu aliyekuwa mle ndani, isipokuwa mimi, aliona kwamba nakuvuta tu.

Mzee Mwalusamba akasema taratibu, "Baba Tusekile, uachie ubao. Mimi ndiye nitakayegeuka."

Akaenda mpaka ukuta wa nyuma, pale ilipotundikwa ramani ya Tanganyika, akaugeukia. Mtu mzima, mwenye wajukuu, ameweka uso wake shibri moja kutoka kwenye ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa, na mikono amefunga nyuma. Akasema, "Mwalimu, mwambie binti aje mbele. Mimi simwoni."

Ukatoka. Hukunitazama, nami nakushukuru kwa hilo. Ukaokota chaki, ukaunyoosha mshale uliokwenda kombo, ukalichukua somo pale pale ulipoliacha, kama mtu anayerudi jikoni baada ya kufungua mlango.

Kisha likaja lile ambalo mpaka leo nikilikumbuka napunguza mwendo. Mzee alikohoa pale ukutani, akamwita mwalimu wako mkuu. "Mwulize binti," akasema. "Nilipokuwa kijana nilichunga ng'ombe Usangu, upande wa Rujewa. Mvua ya huku tulikuwa tunaiona. Tunaitazama kutwa nzima, haitufikii. Wazee wa kule walisema watu wa milimani wameifunga. Je, tuliifunga?"

Watu wakacheka, naye akacheka, mabega yake yakatikisika.

Nawe ukamjibu mwalimu, maana kumjibu mzee mwenyewe hukuweza: "Mwambie baba, hakuna aliyeifunga. Inapanda mlima na mzigo wake, inautua upande wetu. Ikifika ng'ambo haina kitu."

"Mwulize, basi wale wa kule Mungu amewapa nini?"

Ulifikiri. Nilikuona unafikiri, na sijawahi kuona uso wa mtu ukifikiri hivyo mbele ya watu mia. Ukasema, "Mwambie, amewapa mito. Mito yao yote inaanzia huku kwetu. Ni mvua ile ile, ila kwao inafika kwa miguu."

Mzee pale ukutani akasema kwa sauti ndogo, kama anajisemea, "Inafika kwa miguu. Eee!" Mwalimu wa Kihehe alikuwa ameacha kuandika. Mimi nilikuwa nimesimama na vumbi la chaki kwenye mikono, nikajua kwamba nimo ndani ya chumba kimoja na kitu kikubwa kuliko mimi, na kitu hicho nilikizaa mimi, na sikukifundisha. Sikukufundisha hilo, Tusekile. Ningekuwa mimi, ningechagua mojawapo: ama nikimbie, ama nipigane. Ulipata njia ya tatu nikiwa bado natafuta maneno, kisha mzee niliyemtukana magazetini akaipanua kwa kugeuza mgongo wake.

Sasa sehemu usiyoijua. Ulipomaliza ulitokea mlango mdogo wa kwenda jikoni la shule, kwa kuwa mzee alikuwa karibu na ule mkubwa. Sisi tukaitwa mezani kuandikisha. Yule mwalimu wa Kihehe akaniambia jina lako limo katika yale mawili, ila kuna swali moja. "Baba, binti huyu ameposwa? Wengine tunawapokea, wakifika katikati ya mafunzo wanakuja kuchukuliwa kuolewa. Nafasi inapotea, na mwenzake aliyeikosa yuko nyumbani."

Nikafumbua mdomo kusema hapana.

Mimi! Mwenye Macho! Niliyewaita wengine waongo kwa wino! Neno lilikuwa tayari ulimini. Na nyuma yangu nikasikia, "Ameposwa, mwanangu. Mimi ndiye baba mkwe wake." Nikajua yamekwisha, nikajua amekuja kulipiza. Mwalimu akaweka kalamu chini. Mzee akasema, "Chukua kalamu. Andika kwamba atasoma mpaka amalize, na mtu asije kumchukua. Mtu huyo ni mimi, na mimi siji. Nitie dole gumba wapi?"

Katika kitabu chao kuna saini yangu, na chini yake kuna dole gumba la wino. Wangeiamini ipi, unadhani?

Tulitoka naye nje. Nilitaka kusema kitu, nikasema mvua inakaribia. Akasema, "Ndiyo, inapanda mlima," akachukua fimbo yake akaenda. Jioni ukanipigia magoti, nikanyamaza.

Ubishi siuachi. Usije ukaandikiwa na watu kwamba baba yako ameokoka na kupoa. Wasichana wawili kati ya arobaini ni aibu, na mwezi ujao watasoma niliyonayo juu ya hilo, kwa jina langu kamili. Posa ya watoto bado nasema ni ubaya, na aliyeufanya ni mimi. Mzee Mwalusamba aliomba, mimi ndiye niliyetoa. Lakini nimekoma kudhani kwamba mtu asiyesema kama mimi hana kitu ndani. Nilimjua mzee yule miaka kumi na mitano nikamsoma kama kichwa cha habari. Sikuwahi kufungua ukurasa.

Leo asubuhi, kabla hujaamka, nilikwenda kwake. Nilimkuta anapalilia kahawa. Nikamwambia nimekuja na mambo mawili. La kwanza, ile barua ya gazeti ya Mwenye Macho niliiandika mimi.

Hakuinua hata kichwa. "Nilijua," akasema. "Nani mwingine huku anatukana kwa sentensi ndefu hivyo? Aliyenisomea alipumzika mara mbili."

Nikamwambia la pili. Nikasema, binti akimaliza chuo, tutamwuliza mwenyewe. Akisema hapana, ng'ombe na uzao wao watarudi hapa, na nitawaswaga mimi kwa mkono wangu, mchana, watu wakiona. Nilikuwa nimelipanga neno hilo njia nzima. Nilitegemea atabisha, nami nilikuwa na hoja sita.

Mzee aliegemea jembe lake. Akasema, "Sawa. Ni haki yake. Na akisema ndiyo?"

Tusekile, katika hoja zangu zote, katika barua zote na kelele zote za miaka hii, sijawahi hata mara moja kufikiri kwamba unaweza kusema ndiyo. Nilikuwa nimekwisha kukujibia. Nilikuwa nimekuchagulia hapana, kama vile zamani, nikiwa nimeshiba nyama ya fahali, nilivyokuchagulia ndiyo.

"Sijui," nikamwambia.

"Hata mimi," akasema. "Basi tutangoja."

Akanipa jembe la pili, tukapalilia mpaka mvua ilipoanza.

Kasome, mwanangu. Sitakuuliza kitu mpaka umalize, na siku utakayojibu nitakaa kimya mpaka ufike mwisho wa sentensi yako.

Baba yako, anayekustaajabia.